Sahani Mferejini

Mimi si mtu wa kuamini upesi, nalisema mapema tusije tukalaumiana. Belo la mitumba nalinusa kabla sijalifungua. Mtu akinisifia gauni, najiuliza anataka nini. Marehemu baba alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso, mkunga akadhani ni ugonjwa. Kwa hiyo alipotokea yule mzungu na mfuko wake wa sahani, sikuhitaji kufundishwa na mtu namna ya kumtilia shaka.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka yaliyozoea kukaa matupu yalijaa sabuni za kila rangi, na kila aliyekuwa na ardhi inayotazama njia alianza kujenga vyumba vya biashara, fremu kama tunavyoziita. Kijiji chetu kiko juu ya Ngaramtoni, ukipanda kuelekea Mlima Meru. Wenyeji wa pale ni Waarusha; sisi ni Wachaga wa kuhamia. Baba alinunua shamba kwa mzee mmoja wa Kiarusha kabla sijazaliwa, na baadaye akamwita mdogo wake kutoka Kilimanjaro akamnunulia kipande cha kando, waishi jirani.

Mambo ya ardhi yalikuwa yametutia wazimu wakati huo. Chini ya kijiji kulikuwa na shamba kubwa la kahawa ambalo tangu utoto wangu tulikuwa tukilikatiza kwenda kanisani. Kuna msimu walipita watu wawili watatu, wapole, wakitembea taratibu na kufunga vitambaa vyekundu kwenye miti. Tukawasalimia, hata maji ya kunywa tukawapa. Haukupita muda tukaamka asubuhi tukakuta waya umezunguka shamba zima na askari kwenye geti. Mwekezaji, tukaambiwa. Sura yake hatujaiona mpaka leo. Tangu hapo ukifunga kitambaa chekundu kwenye mti mbele ya mtu wa kijiji chetu, hata kama unakausha tu, jiandae kuulizwa ukoo wako.

Sasa niseme shamba la mama lilivyokaa, kwa sababu kisa chote kimelalia hapo. Mbele yake kuna kiwanja cha wazi, mali ya kijiji kizima: ng'ombe hulishwa pale, vijana hucheza mpira Jumapili, mikutano hufanyika pale. Ukisimama kiwanjani ukautazama mlima, kulia kwako ni kwa baba mdogo na kushoto ni kwa mama. Kati yao kuna mpaka wa masale, mstari mzima, na isale la mwisho limesimama pembeni kabisa mwa kiwanja. Shamba la mama linaanzia kwenye isale hilo na kuishia kushoto, kwenye mti mkubwa wa mringaringa. Katikati hapo unapita mfereji unaoteremka kutoka mlimani.

Isale, kwa asiyelijua, ni mmea wa majani marefu ya kijani ambao watu wa mjini wanaupanda kwenye makopo kwa urembo. Kwetu Wachaga ni jambo zito. Ndilo mpaka, na anayeling'oa amemtukana marehemu aliyelipanda. Tena ndilo msamaha: mtu akikukosea, halafu akaja na isale mkononi mbele ya mashahidi, huna ruhusa ya kumfukuza. Hata kama kisu chake bado kina damu ya mbuzi wako, unapokea.

Kando ya masale mama alikuwa amepanda mabingobingo, majani ya kulisha ng'ombe wake. Baba alipofariki alimwachia ng'ombe mmoja wa maziwa, na ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa chumvi, mafuta ya taa na heshima ya mama. Macho ya mama yalikuwa yameanza kuingia mtoto wa jicho. Aliona vivuli na mwanga tu, lakini panga lake la kukatia majani lilikuwa halikosei.

Basi, mzungu. Alikuwa msafiri, kwa maneno yake mwenyewe. Alikuwa ameupanda Meru, magoti yakavimba, akapanga chumba kwenye hosteli ya kanisa angoje yapone. Mimi nikajiuliza: mtu wa magoti mabovu, mbona anashinda kiwanjani anatembea? Aliamkia kila mtu "shikamoo", hata vitoto vinavyochunga mbuzi. Kisha siku ya pili akafunga vitambaa vyekundu kwenye miti.

Jamani! Habari ilifika Ngaramtoni sokoni kabla ya chakula cha mchana. Niliacha meza yangu ya mitumba kwa jirani nikapanda mbio. Nikamkuta amesimama, amekodoa macho kwenye mgrivea mmoja wenye kitambaa. Akachomoa mfukoni sahani ya plastiki, bapa, ngumu, akaizungusha kwa mkono na kuirusha. Ikaenda ikielea, ikatua majanini. Akaifuata taratibu, akasimama palepale ilipoangukia, akarusha tena mpaka ikagonga mti. Halafu akahesabu kwa vidole, kwa sauti, kwa lugha yake.

"Anapima," alisema baba mdogo nyuma yangu.

Baba mdogo alikuwa mtu wa kofia na maneno. Mzee wa kanisa, sauti ya kwanza kwenye kila kikao. Wakati huo alikuwa ameanza kukusanya mawe ya msingi wa fremu zake pembeni mwa kiwanja, upande wake. Jioni ile ndiye aliyeitisha watu.

"Zamani walipima kwa kamba, tukawaona," alisema. "Siku hizi wameerevuka. Ile sahani ina mtambo ndani. Akiirusha, inaandika urefu."

Kulikuwa na sahani moja ambayo mzungu aliipoteza kwenye miiba na mtu akaiokota. Ilipitishwa mkono kwa mkono. Balozi wa nyumba kumi, mzee wa Kiarusha ambaye kwa kawaida hababaishwi na kitu, aliiweka sikioni akasikiliza kwa muda mrefu.

"Imenyamaza," akasema.

"Itasemaje mbele ya watu?" baba mdogo akamjibu. Watu wakaguna kukubali, na mimi nikiwemo.

Ikaamuliwa apelekwe mtu wa kumchunguza. Balozi akaninyooshea fimbo. "Wewe una Kiingereza cha kidato cha nne na mdomo wa kidato cha sita. Nenda ucheze naye. Ujue anachotafuta."

Ndivyo nilivyoanza kurusha sahani, jasusi wa kijiji niliyevaa kanga.

Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni na Kiingereza changu cha ubaoni, lakini tulielewana. Alinieleza kwamba kwao miji ina bustani za umma, mtu yeyote anaingia bila kuulizwa, na humo kuna nguzo zenye vikapu vya minyororo. Unarusha sahani kutoka alama moja mpaka iingie kikapuni, kisha unakwenda nguzo inayofuata, na mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Kila nchi anakopita hutafuta bustani ya wote acheze. Pasipo na vikapu, hutumia miti.

"Nani anakulipa?" nikamuuliza.

"Hakuna."

"Sasa nauli ya ndege yote hiyo, uje kurusha sahani kwetu?"

"Na kuona mlima," akasema, akacheka.

Hapo ndipo shaka iliponizidi. Mtu akikwambia ana faida gani kwenye jambo, unaweza kumpima. Anayesema hana faida, huyo mshike vizuri mfuko wako.

Nilikagua kila kitu. Nilimuuliza kwa nini ana sahani nyingi na mchezaji ni mmoja. Akasema moja ni ya mbali, nyingine ya karibu, nyingine inakata kona. Niliuliza vitambaa vyekundu vya nini. Akasema rangi hiyo inaonekana mbali. Majibu yake yote yalikuwa na akili, na majibu yenye akili ndiyo yanayonitisha zaidi.

Safari moja ya mchezo ilianzia kwenye isale letu la mwisho. Alilichagua kwa kuwa ni alama ya wazi. Alitaka kuweka kisigino sambamba na shina na kurusha mpaka kwenye mringaringa, yaani kupita mbele ya shamba la mama kutoka mwanzo hadi mwisho. Mara ya kwanza alipolikaribia nilimfokea.

"We! Hilo haliguswi!"

Akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Nikamweleza kuhusu mpaka na msamaha, na kwa kweli alisikiliza kwa adabu. Kuanzia hapo aliweka mguu kandokando, kwa uangalifu, asiguse hata jani.

Mama alikuwa akikata majani karibu. "Mwanangu, muache," akasema. "Mwanaume mzima anayerusha sahani na kuifuata mwenyewe, atapata wapi muda wa kuiba?"

"Ndiyo maana wanakuibia, mama. Unawahurumia."

"Ana mke?" mama akauliza. Hakuwa na shida na kitu kingine.

Safari ile ndiyo iliyonishinda. Sahani ya mzungu iliuvuka mfereji na kufia njiani. Mti hakuwahi kuupiga kwa mrusho mmoja, hata siku moja. Yangu haikuvuka kabisa. Ilikuwa inaangukia mferejini, kila mara, mahali palepale penye jiwe la kufulia. Chubwi! Mama, asiyeiona sahani wala mti, alisikia maji akacheka huku ameshika panga.

"Umekunywa tena!"

Nilikasirika mpaka nikaanza kwenda mapema kufanya mazoezi. Nilijiambia ni kazi ya ujasusi. Lakini haki ya Mungu, kuna raha ya ajabu sahani inapokutoka mkononi vizuri, ikanyooka, ukajua kabla haijatua kwamba umepatia. Kisha chubwi, na mama anacheka.

Sikupata ushahidi wowote. Niliporudi kwa balozi na kumwambia mtu yule anacheza tu, baba mdogo alitikisa kichwa kwa huzuni. "Amemlainisha," akasema. "Mtoto wa kaka yangu, lakini ni mwanamke." Nilimjibu neno ambalo sitaliandika. Asubuhi iliyofuata vitambaa vyote vilikuwa vimekatwa, na balozi, kwa aibu, akamwomba mgeni apumzishe mchezo wake. Mzungu hakubisha. Magoti yalikuwa yamepona. Siku ya kuondoka aliniletea sahani moja ya njano, ile niliyozoea kurushia.

Zawadi ya kuaga, au ya kunifunga mdomo? Niliigeuza juu chini nikitafuta mtambo. Mama akaninyang'anya akaifanya kifuniko cha ndoo ya maziwa. Ilitosha barabara.

Masika iliyofuata nilihamia Daraja Mbili. Biashara ya mitumba ilikuwa imechangamka mjini, nikapanga chumba, nikawa napanda kwa mama Jumapili moja moja, tope likiruhusu. Nilipokuja nilikuta fremu za baba mdogo zinainuka. Msingi, kuta, nafasi za milango inayotazama kiwanja, sakafu bado. Nilimpongeza kwa mdomo. Moyoni nilijiuliza pesa katoa wapi, lakini hilo ni la kawaida yangu, najiuliza hivyo hata kwa mchungaji.

Kiangazi kilipoanza mama akanitumia ujumbe nije. Nikamkuta amekaa mlangoni mwa zizi, ng'ombe analia.

"Majani hayafiki," alisema. "Kila mwaka yananifikisha mpaka mvua za vuli. Mwaka huu yamekaribia kuisha mapema. Shamba limepungua."

"Limepunguaje, mama?"

"Sijui. Nakata, nafika mwisho kabla mkono haujachoka."

Nikaenda kutazama. Masale yalikuwepo, yamejipanga mstari mmoja mpaka kiwanjani, kijani kibichi, hakuna pengo. Nikamwita baba mdogo. Akaja na kofia yake, akamshika mama bega kwa upole.

"Shemeji, shamba si sabuni liishe kwa kutumika. Ni macho. Na umri nao umeingia."

Jumapili ile kanisani alisimama akaomba tumkumbuke shemeji yake katika sala, maana alikuwa anaanza kupotewa na mambo. Alisema kwa machozi. Wanawake wakaanza kuzungumza na mama kwa sauti kubwa na polepole, kama unavyozungumza na mtoto aliyeanguka. Mama hakulisema tena jambo la shamba. Ila nilimwona jikoni akionja chumvi mara mbili, akinusa kibuyu, akiniuliza, "Hii ni leo au jana?" Mama yangu, aliyekuwa akitambua watu wote wa kijiji kwa kikohozi tu! Ng'ombe angeweza kununuliwa mwingine. Lakini mama alikuwa ameanza kujitilia shaka mwenyewe, na hilo liliniuma kuliko njaa ya ng'ombe yeyote. Mwenye kazi ya kutilia watu shaka nyumbani kwetu alikuwa mimi, yeye kazi yake ilikuwa kuamini.

Nikatafuta mchawi, na nani mwingine? Nani alisimama pale mpakani kila jioni, anatazama, anahesabu vidole? Pengine karatasi zilikuwa zinaandaliwa mahali, na waya ungefuata. Baba mdogo nilipomwambia hivyo aliitikia kwa nguvu: "Si nilisema? Si nilisema mimi?"

Na kama aliyeitwa, mzungu akarudi. Kiangazi hichohicho. Magoti yamepata nafuu, mlima ulikuwa umemshinda mara ya kwanza karibu na kilele, amekuja kuumalizia. Niliposikia yuko kiwanjani nilichukua ile sahani ya njano juu ya ndoo, ina utando wa maziwa, nikashuka nayo nimejifunga kanga kiunoni. Nilikwenda kumshika shati.

"Shikamoo," akaniamkia.

"Marahaba! Ulipima nini hapa mwaka jana?"

Alinitazama. "Nilipima mkono wangu," akasema. "Kila nikirudi mahali, naujua kama umezeeka."

Jibu lenye akili, kama kawaida yake. Nikamwambia tucheze, ili nimwone vizuri macho akisimama pale mpakani. Tukaenda moja kwa moja kwenye isale. Mama alikuwa ndani ya mabingobingo machache yaliyobaki, panga lake likisikika. Watu wakaanza kusogea, maana nilikuwa nimepita njia nzima nikisema ninakwenda kufanya nini.

Nikaweka mguu kando ya shina. Nikarusha.

Sahani ilitoka vizuri, ikanyooka, ikaupita mfereji ikaenda kulala chini ya mringaringa. Watu wakapiga kelele. Mimi mwenyewe nilirukaruka. Mwaka mzima sijarusha kitu, sahani imeshinda imefunika maziwa, na leo nimevuka!

Panga la mama likanyamaza. "Mbona sijasikia maji?" akauliza.

"Nimevuka, mama!"

"Umevukaje?"

Mzungu naye akasimama pale, akarusha. Ko! Sahani ikagonga mringaringa kwenye shina, mrusho mmoja. Akainua mikono juu kushangilia, halafu mikono ikashuka yenyewe. Akaangalia mti. Akaniangalia.

"Mmesogeza mti?"

"Mti hausogei," alisema mama kutoka majanini.

Nikatazama chini, kwenye isale pembeni ya mguu wangu. Nikaliinamia. Shina lilikuwa jembamba. Isale la baba lilikuwa na shina nene kama kifundo cha mkono wangu, na kovu mahali mbuzi alipolitafuna nikiwa mtoto. Hili halikuwa na kovu. Yote mstari mzima yalikuwa membamba, ya umri mmoja, yale yanayochomekwa ardhini masika na kushika bila shida.

Yesu wangu.

Nikaenda kuokota sahani, nikarudi, nikasogea nyuma kidogo kulia, kuelekea kwa baba mdogo. Nikarusha. Ikavuka, ikatua ukingoni. Nikasogea tena. Mzungu aliniletea sahani kila mara. Nikasogea mpaka mgongo ukagusa ukuta, na ili kusogea zaidi ilinibidi kuingia kwenye nafasi ya mlango wa fremu ya mwisho ya baba mdogo. Nikasimama pale kizingitini, nikarusha kwa nguvu ileile, si zaidi si pungufu.

Chubwi! Palepale penye jiwe la kufulia.

"Hiyo ndiyo sauti yenyewe," mama akasema.

Baba mdogo akatokea, kofia mkononi. "Nini tena? Mnanipimia ardhi kwa mchezo wa mzungu? Hukumu ya wapi hiyo?"

Na hapo, nikiri, alikuwa na hoja. Watu walianza kutazamana. Kurusha sahani si ushahidi, hata mimi nisingeukubali. Lakini mama alikuwa ametoka majanini, anapapasa njia kwa panga, akaja mpaka pale niliposimama.

"Shemeji," akasema, "mume wangu alipopanda isale la pembeni wewe bado ulikuwa Kilimanjaro unasoma. Siku ile tunahamia, mtungi wangu wa pombe ya mbege ulivunjika mgongoni mwa punda. Nililia. Akaniambia nisilie, akachukua shingo ya ule mtungi akaizika chini ya isale, akasema nayo italinda mpaka. Tulikuwa wawili tu. Chimbeni hapo anaposimama binti yangu."

Baba mdogo akasema sakafu itaharibika. Hapakuwa na sakafu. Balozi akachukua jembe la fundi, akachimba mwenyewe, mzee wa watu, hakutaka kumpa mtu. Alikutana kwanza na mizizi iliyokatwa, minene, imeoza nusu. Kisha jembe likalia juu ya kitu. Akapiga magoti, akafukua kwa vidole, akatoa shingo ya mtungi, nyekundu, nzima kuzunguka mdomo.

"Yeyo, shika," akasema, akimwita mama kwa Kiarusha, akampa.

Mama aliifuta kwa kanga. Akazungusha kidole kwenye mdomo wa mtungi, taratibu, mzunguko mzima. Kisha akageuza uso kule alikosikia watu wengi zaidi, wale wa sauti kubwa na polepole.

"Macho yangu," akasema, "bado yanaona mpaka chini ya udongo."

Nilimtazama baba mdogo. Nilikuwa nimemshuku mzungu, nimeshuku sahani, nimeshuku mpaka mchungaji, na mtu aliyenibeba mgongoni utotoni sikumshuku kwa sababu alikuwa wa kwetu. Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo nimeisema maishani kwa watu wengi sana.

Siku chache baadaye alikuja. Alikuja kama inavyotakiwa, asubuhi, na balozi na wazee wawili wa ukoo walioletwa kutoka Kilimanjaro, ameshika isale kwa mikono miwili, lenye mizizi. Nilipoliona nilichemka. Nikamwambia mama kwa Kichaga, wazi mbele yao, kwamba mila inayomlinda mwizi mimi siijui, na kwamba sufuria ya maji iko jikoni inachemka.

"Kaa," mama akasema.

Baba mdogo akapiga magoti. Akasema tamaa ilimshika, kwamba mpangaji alitaka fremu tatu na ardhi yake ilitosha mbili. Akalinyoosha isale. Mama akalipokea. Hakuwa na njia nyingine, kila mtu pale alijua hana. Alipapasa majani yake, akashuka mpaka kwenye shina, akashuka mpaka kwenye mizizi yenye udongo.

"Nimepokea, shemeji," akasema. "Yameisha."

Wazee wakashusha pumzi. Mmoja alishaanza kuulizia chai.

"Sasa nishike mkono," mama akaendelea, "unipeleke ukalipande pale ulipolitoa."

Akamshika mkono. Angefanyaje? Wakatembea mbele, sisi nyuma, mpaka kiwanjani. Mzungu alikuwa kule mbali na vitambaa vyake vyekundu. Balozi alikuwa amemruhusu kufunga tena. Bado sikuelewa mtu anayelipa nauli kuja kurusha sahani, na hata leo sielewi, lakini alivyotuona aliacha kucheza akasimama kwa heshima.

Baba mdogo akaingia kwenye mlango wa fremu yake ya tatu. Akasita. Isale likipandwa pale, hakuna mpangaji atakayelivuka, na hakuna fundi wa Kichaga atakayekubali kuling'oa. Alilijua hilo, sote tulilijua. Akapiga magoti, akachimba kwa mikono.

"Sahani," mama akaniambia.

Nilikuwa nimeibeba, sijui hata kwa nini. Baba mdogo alilishikilia isale wima ndani ya shimo, nami nikaweka mguu kando ya mikono yake, nikarusha. Mama aliinamisha kichwa akasikiliza.

Chubwi.

"Hapo," akasema. "Shindilia."